Nani Aliyefunga Kile Chumba?



Kuna maneno ambayo sisi makatekista wa mji huu tumeyatamka mara nyingi mno, nasi leo tunataka kuyashtaki mbele yenu. Tunayatamka kando ya kitanda cha hospitali, tunayatamka kwenye kilio, tukiwa tumemshika mkono mama ambaye sauti imemkauka kwa kulia. Tunasema: "Ni mapenzi ya Mungu." Kwa babu aliyeshiba siku zake akalala asiamke, maneno hayo ni faraja na ni kweli. Lakini tumezoea kuyasema pia juu ya kijana wa miaka kumi na tisa aliyenaswa na mkanda wa mashine, na hapo ndipo ulipo ugomvi wetu na sisi wenyewe.

Miaka michache iliyopita kijana mmoja wa darasa letu la kipaimara alipata kazi kwenye mulini ya kusaga mahindi, katika mtaa mmoja wa mji wetu. Hatutamtaja jina, wala hatutamtaja mwenye mulini, kwa kuwa wote wawili bado tunakutana nao Misani. Mkanda uliotoka kwenye mota kwenda kwenye gurudumu la mulini ulikuwa wazi, hauna kifuniko. Siku hiyo aliinama kuokota gunia, mkono wa shati lake ukashikwa, na mkono wake ukafuata. Wenzake walikimbia kuzima umeme. Swichi ilikuwa ndani ya chumba kidogo, na chumba kilikuwa kimefungwa kwa kufuli, kwa sababu mwenye mulini alichoka na watu waliosaga usiku kwa siri kwa umeme wake. Ufunguo alikuwa nao mfukoni, naye alikuwa amekwenda mjini. Mmoja wa wenzake ndiye aliyechukua mti wa kusimamishia mlango akaung'oa mkanda kwa nguvu. Mkono haukupona, madaktari waliukata chini kidogo ya kiwiko.

Tulikwenda kumwona hospitalini. Tulimwambia yale tunayoyasema siku zote. Alitusikiliza kwa adabu, kisha akauliza kwa sauti ya chini: "Papa katekista, Mungu ndiye aliyefunga kile chumba?"

Hatukuwa na jibu. Tulisali Baba Yetu pamoja naye, tukaaga, tukaondoka.

Hata lugha yetu inatutega katika jambo hili. Neno "ajali" tulilipata kutoka Kiarabu, na huko maana yake ni muda uliowekwa, saa ya mwisho ya mtu ambayo imekwisha kupangwa. Tukisema kwamba fulani amepata ajali, tayari tumekwisha kumhukumu Mungu bila kumsikiliza. Wengine kati yenu husema "aksida". Neno hilo nalo linapendeza kwa wenye makosa, kwa kuwa linasema kwamba jambo limeanguka tu kutoka hewani. Mkanda usiofunikwa haukuanguka kutoka hewani. Yuko mtu aliyenunua mkanda na mota akaacha kununua bati la kufunika.

Mji wetu ni mtoto wa mashine. Bila shaba pangekuwa na vilima tu na vijiji vichache. Ni Union Minière iliyoleta tanuri za Panda, kisha mwaka 1929 ikawasha kiwanda cha Shituru, na mwaka uliofuata bwawa la Mwadingusha kwenye mto Lufira likaanza kutoa umeme wa kuendesha vyote hivyo. Babu zetu waliletwa hapa, wengine kwa kamba, wengine kwa kandarasi, ili wahudumie mashine, na kapita alisimama nyuma yao kuhakikisha kwamba mashine haingoji. Mashirika yamebadilika majina tangu wakati ule, Gécamines ikainuka na ikalala, lakini fikira ile imebaki vichwani mwetu: mtu ndiye anayepaswa kuingoja mashine. Tumeirithi kama wanavyorithi nyumba ya baba, pamoja na nyufa zake.

Mwaka 2003, kwa mpango uliogharamiwa na Benki ya Dunia, zaidi ya wafanyakazi 10,000 wa Gécamines waliondoka kazini kwa kile kilichoitwa kuondoka kwa hiari. (Juu ya neno "hiari" hatusemi kitu hapa, waulizeni wazee wenu.) Walipoondoka, waliondoka na ujuzi wao. Leo ukipita katika karakana za kuchomelea, kwenye mamulini, kwenye mashine za kuponda mawe na za kupasua mbao, utaona mota za zamani zilizofungwa juu ya magogo, nyaya zimeunganishwa kwa vidole na utepe, na karibu nazo vijana waliozaliwa baada ya mwaka ule, ambao hakuna aliyewahi kuwaonyesha kitufe chekundu ni kitu gani.

Basi tukieleze. Kitufe cha kusimamisha mashine wakati wa hatari ni chekundu, kichwa chake ni kipana kama uyoga, na nyuma yake huwekwa rangi ya manjano, ili jicho lililojaa hofu lisikitafute. Kichwa ni kipana kwa sababu mtu aliye hatarini hapigi kwa ncha ya kidole; hupiga kwa kiganja, kwa kiwiko, kwa goti. Kikishabonyezwa hubaki ndani. Hakirudi chenyewe, ni lazima mtu akizungushe au akivute kwa makusudi, na hata hapo mashine haipaswi kuanza kuzunguka, mpaka mtu aiwashe upya. Na kinawekwa pale mfanyakazi anaposimama, mahali mkono wake unapofika. Penye mkanda mrefu wa kubebea mawe huwekwa kamba inayokwenda urefu wote wa mkanda, ili mtu akinaswa popote aivute. Hayo yote hayakubuniwa mezani kwa kupendezesha. Nyuma ya kila kanuni kati ya hizo kuna mkono wa mtu.

Lakini kitufe peke yake hakitoshi, na tusidanganyane. Mota ya kawaida kwenye umeme wetu huzunguka karibu mara 1,450 kwa dakika, yaani mara ishirini na nne kwa sekunde moja. Kabla mwenzako hajageuza kichwa kuona kwa nini umepiga kelele, mhimili umekwisha kuzunguka mara kadhaa. Na umeme ukishakatwa, gurudumu zito huendelea kwa nguvu yake lenyewe. Kwa hiyo kifuniko cha mkanda ndicho cha kwanza, nacho kitufe ni kwa siku ile ambayo kifuniko kimeshindwa. Na anayeingiza mkono ndani ya mashine kuisafisha au kuitengeneza, kitufe si ulinzi wake hata kidogo: lazima umeme ukatwe kwenye swichi kuu, swichi ifungwe kwa kufuli, na ufunguo wa kufuli hilo ukae mfukoni mwa yule yule aliyeingiza mkono. Tazameni jinsi mambo yanavyoweza kupinduliwa. Kule mulini palikuwa na kufuli, palikuwa na ufunguo, palikuwa na swichi. Vyote vilikuwapo, ila vilipangwa kulinda umeme na si kumlinda kijana.

Kuna jambo moja ambalo ninyi wa Likasi mnalijua kuliko vijana wa Ulaya. Hapa umeme wa SNEL huenda na kurudi upendavyo. Umeme ukikatika, kijana husema: sasa ni nafasi ya kuondoa pumba zilizokwama. Anaingiza mkono. Umeme unarudi. Kama mashine imeunganishwa kwa swichi ya kawaida tu, ile ya kupandisha na kushusha, itaanza kuzunguka sekunde ile ile bila kumwuliza mtu. Kipo kifaa kinachoitwa kontakta, ambacho umeme ukikatika huachia, na umeme ukirudi hubaki kimeachia mpaka mtu abonyeze kitufe cha kuwashia. Fundi yeyote wa umeme wa mji huu anakijua. Tunawaomba mkitoka hapa mwulize kwenye kila mahali mnapofanya kazi: umeme ukirudi, mashine yetu inaanza yenyewe? Ikiwa jibu ni ndiyo, basi kwenu saa za giza ndizo za hatari kubwa kuliko zote.

Mtasema: papa, haya ni mambo ya mafundi, yanaingiaje katika ukurasa wa tafakari? Yanaingia kupitia Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, aya ya 8. Hapo Musa anamwagiza mtu ajengaye nyumba mpya azungushie ukingo kwenye dari lake, kwa kuwa nyumba za kule zilikuwa na dari tambarare ambapo watu walipanda kupumzika. Asipofanya hivyo na mtu akaanguka, damu itakuwa juu ya nyumba hiyo. Someni polepole. Torati haisemi kwamba aliyeanguka alikuwa mzembe. Haimwulizi kama alikuwa amekunywa. Inamwuliza mwenye nyumba: ukingo uko wapi? Fungueni na Kutoka, sura ya 21. Mtu akichimba shimo asilifunike, na mnyama wa jirani akatumbukia, mchimbaji atalipa. Ng'ombe akimpiga mtu pembe akamwua, na mwenye ng'ombe alikuwa ameonywa zamani kwamba mnyama wake ana tabia hiyo, wala hakumfunga, basi mwenyewe ana hatia ya mauti. Kisa kizima kimesimama juu ya neno hilo: alikuwa ameonywa. Ni wangapi katika mji huu wana ng'ombe wa chuma ambaye amekwisha kupiga watu wawili watatu, na bado hajafungwa kamba?

Kanisa halikuiacha sheria hiyo jangwani. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2269, inapoeleza amri ya tano, inafundisha kwamba kumweka mtu katika hatari ya kufa bila sababu nzito kumekatazwa, kama vile kumnyima msaada aliye hatarini. Sisi tumewafundisha kwamba amri ya tano ni habari ya panga na bunduki. Tulifupisha mno. Mkanda ulioachwa wazi kwa sababu bati ni ghali ni habari ya amri ya tano, na aliyeuacha anapaswa kuuleta kwenye kiti cha kitubio, kama tunavyokiri mwanzoni mwa kila Misa kwamba tunakosa pia kwa kutotimiza wajibu.

Na hapa tunajishtaki wenyewe. Siku mulini ile ilipofunguliwa, tulikuwapo. Padri aliibariki kwa maji ya baraka, kwaya iliimba, mwenye mulini alitoa soda na mikate, nasi tulisoma somo. Tulisimama hatua tatu kutoka kwenye ule mkanda. Tuliuona. Tulisogea nyuma kidogo ili upepo wake usipeperushe karatasi ya somo, kisha tukaendelea kusoma. Hilo ndilo tulilolifanya juu ya hatari ile: tulisogea nyuma kidogo. Hatulaumu baraka. Baraka ya Kanisa ni kumwomba Mungu awalinde watakaoitumia kazi hiyo, nayo inatudai sisi tulio na mikono tufanye lililo ndani ya uwezo wa mikono. Kumwomba Mungu akae mahali pa bati la kufunikia mkanda ni kumjaribu, na Bwana wetu alikwisha kulikataa jaribu hilo juu ya mnara wa hekalu, alipoambiwa ajitupe ili malaika wamdake.

Sasa tuje kwa wakubwa wa kazi, maana wao ndio husema kwamba mashine ikisimama, fedha imesimama. Katika Maandiko yupo mkubwa mmoja wa kazi aliyesema hivyo kabla yao wote. Musa na Haruni walimwomba siku tatu tu za kwenda kumwabudu Mungu, naye akajibu kwamba watu hao ni wavivu, akaagiza wanyimwe majani ya kufyatulia matofali na hesabu ya matofali isipungue hata moja. Farao ni mashine isiyo na kitufe. Ilibidi maji yawe damu, na vyura, na nzige, na giza, na hatimaye bahari, ndipo akasimama. Kisha Mungu alipowatoa watu wake kule, aliwapa Sabato. Na Sabato ile haikuwa ya mwenye shamba peke yake, ilikuwa pia ya mtumwa, ya mgeni, ya ng'ombe na ya punda. Kwa Mungu wetu kazi inayoweza kusimama ndiyo iliyo kazi ya watu huru. Papa Yohane Paulo wa Pili, katika barua yake *Laborem Exercens* ya mwaka 1981, alifundisha vivyo hivyo kwa namna yake: mtu hakuumbwa kwa ajili ya kazi, kazi ipo kwa ajili ya mtu, na mahali pa kazi hapapaswi kumharibia afya.

Wala si kweli kwamba anayesimamisha hupata hasara. Huko Japani alikuwapo mwana wa seremala (mnamjua mwana wa seremala mwingine), jina lake Sakichi Toyoda. Alitengeneza mashine za kufuma nguo ambazo uzi ukikatika husimama zenyewe, na ile iliyojulikana zaidi ilitoka mwaka 1924. Mwanawe alianzisha kampuni ya magari ambayo gari zake mnaziona kila siku kwenye barabara ya Lubumbashi, na katika viwanda vyake ikawekwa kamba juu ya vichwa vya wafanyakazi: yeyote akiona kasoro huivuta, na kazi husimama. Yeyote, maana yake pia yule mdogo kuliko wote. Watu hao hawakufilisika kwa kusimama.

Mtazameni sasa aliyekataa kusimama. Mwaka 2013, tarehe 23 Aprili, katika nchi ya Bangladesh, nyufa zilionekana kwenye kuta za jengo la ghorofa lililoitwa Rana Plaza. Benki iliyokuwa humo iliwaambia watu wake wabaki nyumbani. Washonaji wa nguo wa ghorofa za juu, wengi wao wasichana wa umri wenu, waliamriwa kesho yake warudi kwenye vyerehani kwa sababu oda zilikuwa zinangojwa. Walirudi. Jengo lilianguka asubuhi ile, na watu zaidi ya 1,100 walikufa. Nyufa zilikuwa zimekwisha kusema. Watu wa benki walikuwa na ruhusa ya kusikia, na washonaji hawakuwa nayo.

Ruhusa hiyo inanyimwa mapema kuliko tunavyodhani, nasi tuliosomea ualimu tunaijua njia yake. Katika masomo ya majaribio, mwanafunzi-mwalimu alipunguziwa alama ikiwa watoto walimkatiza. Darasa zuri lilikuwa darasa kimya. Mtoto aliyeinua mkono kusema "Mwalimu, umekosea hesabu" tulimwita mjuaji. Miaka kumi baadaye mtoto huyo amesimama kando ya mashine, anaona mkono wa mwenzake unaelekea pabaya, na kwa nukta ile moja anatazama kwanza uso wa shefu. Nukta hiyo ndiyo inayokata mkono. Tulimfundisha sisi.

Lakini ninyi nanyi, wapendwa, msitoke hapa mkiwa watakatifu. Tumewaona mnafunga kitufe kwa waya ili kisiwasumbue. Tumewaona mnatoa kifuniko cha gurudumu la kukatia chuma kwa kuwa kinachelewesha, kisha mnajipiga picha bila miwani, mkicheka. Tumesikia jinsi mnavyomwita mwenzenu aliyesimamisha mashine: mwoga, mtoto wa mama. Jina hilo linaua kwa utaratibu kama kile chumba kilichofungwa. Kijana anayebonyeza kitufe bila sababu amepoteza dakika tano; anayecheka kijana huyo amewafundisha watu kumi wasibonyeze siku itakapokuwa na sababu.

Tunalijua pingamizi lenu, na ni zito. Mtasema: papa, mimi ni mfanyakazi wa siku. Asubuhi nasimama langoni pamoja na wengine ishirini. Nikisema mkanda hauna kifuniko, shefu atanyoosha kidole kwa anayenifuata, na jioni nyumbani hakuna bukari. Hatutawajibu kwa maneno mepesi. Hatuna haki ya kumwambia kijana mwenye mama mgonjwa na wadogo wanne apoteze kazi peke yake ili sisi tupate mfano wa kuhubiri. Neno letu ni kwamba asisimame peke yake.

Sheria iko upande wenu kuliko mnavyoambiwa. Kanuni ya Kazi ya nchi yetu, sheria namba 015/2002 ya 16 Oktoba 2002, ina sehemu nzima juu ya afya na usalama kazini, nayo inataka pawepo kamati ya usalama na usafi mahali pa kazi. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1981, namba 155, unataka alindwe mfanyakazi aliyejitoa mahali penye hatari kubwa ya karibu akiwa na sababu ya kweli. Na tangu Juni 2022 mkataba huo umehesabiwa kati ya ile ya msingi, ambayo kila nchi mwanachama inapaswa kuiheshimu. Ipo Inspeksheni ya Kazi. Ipo CNSS, hazina ya usalama wa jamii, ambako aliyeumia kazini ana haki ya kutunzwa. Lakini mfanyakazi asiyeandikishwa popote, hazina haimjui, na mwenye kazi anayejua hivyo hulipa sindano za siku mbili, hutoa mfuko wa unga, na kesi imekwisha. Kijana wetu alipewa mifuko miwili. Sisi tuliosimama katikati kupatanisha tulisema: "Bwana ameonyesha moyo mwema." Mnaona jinsi tunavyozidi kujishtaki.

Padri Joseph Cardijn, aliyekuwa mwana wa mfanyakazi na ambaye Papa Paulo wa Sita alimfanya kardinali mwaka 1965, aliwaachia vijana wafanyakazi wa Kikatoliki njia ya hatua tatu: kuona, kuamua, kutenda. Katika vikundi vyetu tumekuwa hodari sana wa hatua ya kwanza na ya pili. Tunaona, tunaamua, tunapiga makofi, tunafunga kwa sala. Mwaka huu tunawaomba mfanye hesabu. Kila kikundi kichukue mtaa wake, katika komine zote nne, Likasi, Panda, Shituru na Kikula. Muingie kwenye mamulini na karakana mkiwa wawili wawili, kwa adabu, na mzee mmoja pamoja nanyi. Katika parokia zetu wamo wazee wa Gécamines, waliofanya kazi miaka thelathini na bado wana vidole vyote kumi. Wao wanajua kwa nini. Waombeni wawe walimu wenu. Mwulize mkanda una kifuniko, kitufe kiko wapi, swichi iko wapi na ufunguo anao nani, umeme ukirudi inakuwaje. Mwandike. Kisha mrudi kwa mwenye mashine mkiwa kundi, kwa kuwa mmoja hufukuzwa langoni na ishirini hukaribishwa kukaa. Na sikukuu ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi itakapofika, tarehe 1 Mei, tutakapovaa vitambaa vipya na kuandamana, daftari hilo lipelekwe altareni pamoja na mkate na divai.

Sisi tumeanza. Mwezi uliopita tulirudi kwenye mulini ile pamoja na vijana wawili na mzee mmoja aliyekuwa fundi wa umeme Shituru. Mwenye mulini alitupokea kwa uso mgumu, kisha akatuletea viti. Mzee alimweleza pole pole, bila kumlaumu, akamchorea kwenye kipande cha boksi. Kijana wetu alikuwapo pia. Siku hizi yeye ndiye anayepokea fedha za wasagaji, akizihesabu kwa mkono wa kushoto. Jumamosi iliyofuata tuliambiwa kwamba mlango wa kile chumba umeondolewa, na swichi sasa inaonekana kutoka mulini. Kitufe chekundu kimenunuliwa Lubumbashi, bado hakijafungwa. Mkanda ungali wazi. Tutakwenda tena Jumamosi hii baada ya Misa ya asubuhi, na mwenye kipande cha bati nyumbani aje nacho.